Kuandaa onyesho la piano la mtu mmoja, kuanzia programu hadi usiku wa jukwaani

Mpiga fidla huja ukumbini na fidla yake mkononi. Mpiga piano huja na vidole tu, na kinachomsubiri ni chombo cha watu, chenye uzito wa karibu nusu tani, ambacho huenda hajawahi kukigusa. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa yanazunguka jambo hilo: kuujua muziki kiasi kwamba hautayumba ukikutana na piano ngeni, chumba kigeni na moyo unaodunda.

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekwisha kufika mbali, tuseme aliyepita daraja la nane la mitihani ya muziki au anayesomea chuoni, na sasa anataka kutoa jioni nzima peke yake. Jipe miezi kumi. Wapo wanaofanya kwa miezi minne, lakini hao kwa kawaida tayari wana tungo nyingi walizowahi kuzipiga hadharani.

Programu hupangwa kwa saa

Jioni kamili ina dakika 65 hadi 75 za muziki wenyewe, na katikati mapumziko ya dakika 15 au 20. Ukijumlisha makofi, kutoka na kuingia, na wimbo wa nyongeza, watu watakuwa wamekaa saa moja na dakika arobaini au zaidi kidogo. Programu ya dakika 50 yenye mapumziko huwafanya waone wamepunjwa. Ikizidi 80, sehemu ya mwisho wanaisikiliza kwa matako. Kumbi ndogo siku hizi hupenda dakika 60 mfululizo bila mapumziko, nayo ni njia nzuri kwa onyesho la kwanza.

Chukua mfano huu (Hob. na op. ni namba za kutambulisha utungo). Sehemu ya kwanza: Haydn, Sonata katika C meja, Hob. XVI:50, kama dakika 15. Kisha Beethoven, Sonata op. 110, dakika 20. Sehemu ya pili: Debussy, Estampes, dakika 14, Chopin, Barcarolle op. 60, dakika 9. Na Chopin tena, Baladi ya nne op. 52, dakika 11. Jumla ni dakika 69.

Mpangilio huo una sababu. Haydn ni mwepesi na mweupe, hauhitaji pedali nyingi, kwa hiyo ndani ya dakika mbili sikio limeshapima ukumbi unarudisha sauti vipi. Kuanza na utungo mzito wenye kishindo ni kosa la kawaida: vidole bado baridi, sikio halijaujua ukumbi, na unajikuta unabamiza. Fyuga inayofunga op. 110, yaani muziki ambamo sauti moja huanza na wimbo na nyingine huingia zikiufuata, inawapeleka watu mapumzikoni wakiwa wameshiba. Debussy baada ya chai hubadilisha rangi kabisa. Baladi imewekwa mwisho kwa sababu koda yake, yaani sehemu ya kufungia, ni ngumu kuliko chochote kilichotangulia, na hakuna unachoweza kukiweka baada yake kisionekane kidogo. Ila gharama yake ijue mapema: koda hiyo utaifikia baada ya zaidi ya saa moja ya kupiga, kwa hiyo lazima uizoee mkono ukiwa umechoka. Usiifanyie mazoezi asubuhi tu.

Katika tungo tano, mpya kabisa kwako zisizidi mbili. Tatu zilizobaki ziwe ulizowahi kuzipiga mbele ya watu, hata kama ni miaka mitatu iliyopita. Utungo uliojifunza, ukauacha, ukaurudia, hukaa mwilini tofauti kabisa na ule wa mara ya kwanza.

Anayetaka sauti ya Afrika ndani ya programu asiitafute mbali. Akin Euba wa Nigeria na Kwabena Nketia wa Ghana waliandika muziki wa piano unaochukua midundo na mijibizano ya ngoma bila kuugeuza mapambo. Kumbuka tu kwamba tungo zao bado zina hakimiliki, tofauti na za Beethoven na Chopin, kwa hiyo nunua noti halali na umtaarifu mwenye ukumbi mapema. Andaa pia nyimbo mbili za nyongeza, kila mmoja dakika tatu hivi, mmoja wa utulivu na mmoja wa kuchangamka. Utaamua upi upigwe ukishasikia makofi.

Kujifunza noti

Tumia toleo la urtext, yaani lile linalofuata mwandiko wa mtunzi bila nyongeza za wahariri. Kwa wachapishaji, Henle na Bärenreiter ndiyo majina yanayoonekana zaidi. Noti za bure mtandaoni mara nyingi ni matoleo ya zamani ambamo mhariri aliongeza alama zake za nguvu, za kuunganisha na hata za pedali, nawe utakariri mawazo yake ukidhani ni ya Chopin.

Wiki ya kwanza ni ya vidole. Kila mahali penye shaka andika namba kwa penseli, 1 kwa kidole gumba hadi 5 kwa kidole cha mwisho, na ujaribu kwa mwendo wa kweli kabla ya kuamua, kwa sababu vidole vinavyopendeza polepole vinaweza kukwama ukiharakisha. Ukishaamua, usibadilishe baada ya mwezi wa kwanza ila kwa sababu nzito. Mwenye mipango miwili ya vidole kichwani kwa sehemu moja ndiye anayeanguka jukwaani: mkono unafika njia panda na kusita, na kusita huko kwa sekunde moja kunatosha.

Sehemu ngumu zijenge kwa metronomu, kifaa cha kuhesabia mwendo. Kama lengo ni mapigo 120 kwa dakika, anza 60. Piga kipande kifupi, vipimo (baa) viwili hadi vinne, mara tatu bila kosa, kisha panda kwa 4. Ukikosea mara mbili mfululizo shuka kwa 8. Ukikwama kwa siku tatu kwenye namba ileile, tatizo si mwendo. Ama vidole vimepangwa vibaya, ama kifundo kimekaza, ama hujui noti inayofuata. Katika koda ya Baladi, kwa mfano, wengi hudhani wanakosa kasi, kumbe mkono wa kulia haujalegea kati ya jozi moja ya noti na nyingine.

Saa nne kwa siku zinamtosha karibu kila mtu, zikigawanywa vipindi vya dakika 45 na mapumziko ya dakika 10 ambayo ni mapumziko kweli, si kuchezea simu kwa gumba lilelile. Maumivu makali, ganzi, au vidole kujikunja vyenyewe ni amri ya kusimama siku hiyohiyo na kumwona daktari. Mtunzi Robert Schumann aliharibu mkono wake akiwa kijana na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, alipoteza matumizi ya vidole vya mkono wa kulia katika miaka ya 1960, akabaki kwa miongo akipiga tungo za mkono wa kushoto na kuongoza okestra. Huo si ugonjwa wa wavivu.

Kuhusu chombo cha nyumbani: wengi wetu tunafanyia mazoezi piano ya kusimama au kinanda cha umeme, na ukumbini tunakuta piano kubwa ya kulala, yaani grandi. Tofauti inayouma zaidi ni kurudia noti. Grandi ina mtambo, uliobuniwa na Érard wa Paris mwaka 1821, unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa. Piano ya kusimama kwa kawaida haina. Katika op. 110, kabla ya wimbo wa maombolezo, Beethoven ameandika noti ileile ya A ikirudiwa jozi kwa jozi, zimefungwa kwa alama ya kuunganisha na juu yake namba za vidole 4 na 3. Wengi huielewa kuwa ni kuigusa noti upya kwa kidole cha pili, laini kama mwangwi. Kwenye piano ya kusimama noti hiyo ya pili ama haitoki ama inatoka kwa kishindo. Ukijifunzia hapo tu utajenga mkono wa uongo. Tafuta grandi ya kanisani, shuleni au chuoni hata saa mbili kwa wiki, na saa hizo zipe sehemu za namna hii badala ya kupiga programu nzima kwa kujifurahisha.

Kukariri

Kupiga bila noti si sheria ya mbinguni. Mpiga piano Clara Wieck, baadaye Clara Schumann, alipopiga kwa kichwa mjini Berlin mwaka 1837 wapo waliomwona anajidai. Ni kizazi cha Liszt kilichofanya mambo haya kuwa desturi. Sviatoslav Richter, mmoja wa wakubwa wa karne ya 20, katika miaka yake ya mwisho alipiga akiwa na noti mbele yake na taa ndogo. Leo tableti na pedali ya kugeuzia ukurasa vimerahisisha mambo, na kwenye muziki mpya au mgumu wa kisasa hakuna atakayekuuliza. Ila kwa Haydn, Beethoven na Chopin, mashindano na waandaaji wengi bado wanategemea upige kwa kichwa, kwa hiyo jifunze kukariri vizuri hata kama utaamua baadaye kuweka noti.

Mkono una kumbukumbu yake, na ndiyo inayokuja kwanza bila kuitwa. Ndiyo pia inayokimbia kwanza ukiogopa. Anayetegemea mkono peke yake anapiga vizuri kabisa nyumbani, halafu jukwaani anajiuliza katikati ya sonata, "Hivi hapa kinafuata kidole gani?", na swali hilo tu linavunja kila kitu. Kwa hiyo juu ya kumbukumbu ya mkono jenga nyingine mbili: ya sikio, uweze kuuimba mstari wowote, na ya akili, ujue kwa maneno kinachotokea: tuko katika ufunguo gani, tunaelekea wapi, kipande hiki kinatofautianaje na kile kinachofanana nacho ukurasa wa tatu.

Njia inayofanya kazi ni ya vituo. Gawa utungo katika sehemu za vipimo vinane hadi kumi na sita na kila mwanzo uupe namba. Sonata ya dakika 20 itakuwa na vituo 35 hadi 45. Lazima uweze kuanza kutoka kituo chochote bila kupitia kilichotangulia, kama abiria anayepanda daladala njiani bila kurudi stendi kuu. Andika namba kwenye vikaratasi, vitie kikombeni, na kila siku chomoa kumi. Kituo kinachokushinda ndicho kazi ya siku.

Tazama sehemu ya mwisho ya op. 110 kwa karibu, maana ndipo watu wanapopotelea. Fyuga inaanza kwa sauti moja peke yake, na aliyelelewa kwenye kwaya anaweza kuiandika kwa solfa: d f r s m l s f m. Iimbe mpaka ikutoke usingizini. Kisha pitia noti na kila mahali sauti hiyo inapoingia andika pembeni ni sauti ya juu, ya kati au besi, na inaanza na noti gani. Kila mwingilio ni kituo. Baadaye fyuga inakatika, maombolezo yanarudi katika G maina, nusu hatua chini ya yalivyoanza, yakiwa yamechoka zaidi. Halafu inakuja kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G meja, inarudiwa mara kumi huku ikikua. Zihesabu. Wapo wanaopiga nane, wapo wanaopiga kumi na mbili, na anayekosea hesabu hapo huingia kwenye fyuga ya pili akiwa ameshatikisika. Fyuga hiyo ya pili ni ileile iliyopinduliwa: palipopanda panashuka. Hatari yake ni kwamba mkono unataka kurudi kwenye ile ya kwanza. Dawa ni kuzijifunza siku tofauti kwa wiki mbili za mwanzo, na kuziweka pamoja baadaye.

Halafu jipime. Piga mkono wa kushoto peke yake kwa kichwa, utungo mzima. Hapo utaumbuka haraka. Piga mikono yote kwa nusu ya mwendo, kwa kichwa, maana kumbukumbu ya mkono huvunjika ukienda polepole na ndipo unapoona ni nini hasa unakijua. Kaa kitini mbali na piano, macho umefumba, uusikie utungo wote akilini. Panapokuwa na ukungu, fungua noti. Na kwa sehemu mbili tatu zinazokusumbua zaidi, chukua karatasi ya mistari uandike vipimo vinane bila kuangalia. Inachosha, na ndiyo maana wachache huifanya.

Kumbukumbu iliyojengwa hivi hudumu. Maria João Pires, mpiga piano wa Ureno, aliwahi kukaa mbele ya okestra katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam, kwenye mazoezi yaliyokuwa wazi kwa watu, na okestra chini ya Riccardo Chailly ikaanza konseto ya Mozart ambayo siyo aliyoiandaa: ile ya D maina, K. 466. Video ipo na uso wake unaonyesha kila kitu. Utangulizi wa okestra ulimpa dakika chache za kuitafuta kichwani, akaipiga mpaka mwisho. Funzo jingine la mkasa huo ni la kiofisi zaidi: thibitisha programu kwa maandishi, na namba ya utungo iwemo.

Kuacha, kurudia, kujaribu

Mwezi wa sita ukiisha uwe umekariri zote. Sasa ziache kwa wiki tatu, usiziguse kabisa. Ukirudi, mambo mengine yatakuwa yamepotea, na kuyarudisha kwa wiki moja kunayashika kwa nguvu kuliko mwanzo. Asiyekuwa na miezi ya kutosha huruka hatua hii, na huonekana.

Miezi miwili ya mwisho ni ya majaribio mbele ya watu: mara nne angalau, kila mara kwenye piano tofauti. Sebuleni kwa rafiki mbele ya watu watano, kanisani baada ya ibada, shuleni kwa wanafunzi wasiojali sana, wanaokohoa na kunong'ona. Vaa viatu utakavyovaa siku yenyewe, kwa sababu unene wa soli hubadilisha hisia ya pedali. Rekodi kwa simu na usisimame ukikosea. Siku inayofuata sikiliza mara moja, andika makosa, na ufanyie kazi hayo tu.

Jaribio moja rahisi la woga: panda na kushuka ngazi mbio mpaka moyo uende kasi, keti, na anza ukurasa wa kwanza papo hapo. Moyo wa jukwaani unafanana na huo. Utagundua kwamba unaanza kwa mwendo wa haraka mno, kama ilivyo kwa karibu kila mtu. Kabla ya kugusa kibonyezo, zoea kuimba kimoyomoyo kipimo kigumu zaidi cha ukurasa huo na uchukue mwendo kutoka hapo.

Piano ya watu

Wiki sita kabla, mwandikie mwenye ukumbi na uulize: piano ni ya aina gani na ina urefu gani, ilityuniwa lini mara ya mwisho, imetyuniwa kwa A 440 (kiwango cha kawaida, noti ya A ikitetema mara 440 kwa sekunde) au chini ya hapo, nani fundi wake, stuli inapanda na kushuka, utapata saa ngapi za mazoezi na lini. Nani anamlipa fundi? Hilo liwe kwenye mkataba, pamoja na nani ana haki ya rekodi. Wengi huona aibu kuuliza, halafu siku ya onyesho wanakuta piano haijaguswa na fundi mwaka mzima.

Urefu una maana. Grandi za kumbi kubwa ni mita 2.7 na kuendelea: Steinway ya modeli D ni sentimita 274, Fazioli kubwa kabisa ni 308. Ukumbi wa watu 150 unatosheka na piano ya mita 2 hadi 2.3, na hata ya sentimita 180 itafaa ikiwa imetunzwa. Usilazimishe piano ndogo itoe sauti ya kubwa. Besi yake itaanza kuguna, na utajikuta unakaza mabega.

Kama piano iko chini sana ya A 440, usikubali ipandishwe siku ya onyesho. Nyuzi kama 230 hivi zinavuta fremu kwa nguvu ya karibu tani 18 hadi 20. Ukiongeza mvuto kwa mkupuo, kila uzi unaobadilishwa unawalegeza wenzake, na kufikia mapumzikoni imeshateleza. Kupandisha kunahitaji kutyuni mara mbili au tatu, siku kadhaa zikipita kati yake. Kama hakuna muda, fundi aityuni ilipo, ikubaliane yenyewe kwa yenyewe. Wewe uko peke yako. Hakuna tarumbeta ya kulinganisha.

Pwani ni kisa kingine. Piano hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 55 usiobadilikabadilika, na Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ni kawaida kuzidi 75. Ubao wa sauti unavimba na sauti inapanda, hasa katikati. Vitambaa vya sufi kwenye matundu ya vibonyezo vinavimba na kibonyezo kinakwama chini. Nyuzi zinashika kutu. Kibaya kuliko unyevu wenyewe ni kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku, maana mbao inavimba na kusinyaa kila siku. Omba kiyoyozi kiwashwe angalau siku mbili kabla na kisizimwe hadi onyesho liishe, na hewa yake isielekezwe kwenye piano. Kutyuni kufanyike taa za jukwaani zikiwa zimewaka na hewa ikiwa kama itakavyokuwa usiku. Nairobi na sehemu za juu tatizo linaweza kugeuka: miezi ya kiangazi mbao inasinyaa, pini zinalegea, sauti inashuka.

Ukifika, kagua kabla ya kuanza kujifurahisha. Piga vibonyezo vyote 88 kimoja kimoja, polepole, kwa sauti ndogo kuliko zote unazoweza. Andika visivyotoa sauti, vinavyokwama, vinavyovuma. Rudia noti moja kwa kasi sehemu tatu: besi, kati, juu. Kanyaga pedali ya kulia taratibu uone ni wapi hasa vizuio vinaanza kuachia nyuzi, kwani nafasi hiyo hutofautiana kati ya piano na piano na ndiyo itakayoamua kama Debussy atasikika au atazama. Kanyaga ya kushoto: mtambo wote unasogea kulia kidogo na nyundo zinapiga nyuzi mbili badala ya tatu, sikiliza kama sauti inabadilika rangi au inapungua tu. Kisha mpe fundi orodha fupi. Mwombe vitu vidogo: kibonyezo kilegezwe, pedali iache kulia, noti mbili zinazochomoza zipunguzwe. Usimwombe alainishe nyundo zote kwa sindano siku hiyo. Akizidisha, hakuna kurudi nyuma kwa saa tatu.

Saa moja ya kwanza usipige programu. Piga mistari ya polepole, tafuta sauti ndogo kabisa inayofika safu ya mwisho, na mtume mtu akae huko. Ukumbi mtupu unavuma. Ukijaa watu mwangwi unapungua, kwa hiyo usikate pedali kupita kiasi kwa kuogopa unachokisikia mchana. Kwenye mashindano makubwa, kama yale ya Chopin ya Warsaw, washindani huchagua piano yao kati ya kadhaa kwa dakika chache tu. Anayejua anachotafuta huanza na vipande vilevile vitatu kila mara: kimoja cha utulivu, kimoja cha noti za kurudiwa, kimoja cha kodi nzito. Chagua vyako vitatu sasa na uvitumie kwenye kila piano unayokutana nayo.

Siku yenyewe

Asubuhi, saa moja na nusu ya mazoezi ya polepole, noti zikiwa wazi mbele yako. Usipige programu nzima, na usijaribu koda kwa mwendo kamili "kuona kama ipo". Ikiteleza mara moja utaibeba siku nzima. Kula chakula kamili saa tatu au nne kabla, kisha ndizi au kipande cha mkate saa moja kabla. Kahawa isizidi ile uliyoizoea. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo, ambazo wanamuziki wengi huzitumia, si za kupewa na mwenzako nyuma ya jukwaa. Kwa mwenye pumu zinaweza kuwa hatari, na kwa yeyote yule daktari aulizwe kwanza, na zijaribiwe siku nyingine kabla.

Stuli iweke mwenyewe, kiwiko kikiwa usawa wa vibonyezo au juu kidogo, na uweke alama ya chaki au utepe sakafuni miguu yake ilipo. Mfanyakazi atakayepita kufagia ataisogeza. Taa isitupe kivuli cha mikono juu ya vibonyezo. Vidole baridi viweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano na uvifute vikauke. Penye joto, weka kitambaa cha pamba ndani ya piano, upande wa kulia, cha kufutia vibonyezo kati ya tungo. Tungo zinazofuata hazihitaji jasho lililoachwa na Haydn.

Ukitoka, tembea kama mtu aendaye mahali, inama, keti, rekebisha stuli mara moja tu, na usianze mpaka uusikie mwendo.

Yakienda kombo

Ukipoteza njia, usirudi nyuma. Rukia kituo kinachofuata. Mkono wa kushoto usisimame hata kama wa kulia umenyamaza, maana wasikilizaji husamehe noti isiyokuwepo na hushtuka mdundo ukikatika. Kwenye fyuga shika besi na ungoje mwingilio unaofuata.

Uzi ukikatika, mara nyingi wa juu, noti hiyo kwa kawaida bado ina uzi mmoja au mbili. Maliza utungo, simama, mwite fundi atoe kipande kilichobaki kisivume juu ya vingine. Ndiyo sababu fundi aombwe abaki hadi mapumzikoni, aguse pia noti zilizoteleza. Umeme ukikatika, endelea mpaka mwisho wa sehemu uliyoanza. Uliyekwisha kukariri hata mkono wa kushoto peke yake hutahitaji taa. Simu ikilia kabla hujaanza, ngoja iishe. Ikilia katikati, piga.

Siku moja baada ya onyesho usisikilize rekodi. Ngoja tatu. Halafu kaa na noti na penseli, na kila palipotikisika andika chanzo chake, kama ni vidole, kumbukumbu, pedali au piano yenyewe. Andika pia jina la ukumbi, aina ya piano, tabia yake na namba ya simu ya fundi, kwenye daftari moja linalosafiri na noti zako. Kisha ondoa tungo mbili kwenye programu, ingiza mbili mpya, na tatu zilizobaki zitafutie ukumbi mwingine ndani ya miezi mitatu, kabla hazijapoa.